Kukataza na Kuzuia: Uhakiki wa Istilahi za Mafaili ya Usanidi

1. Utangulizi

Makala haya yanahakiki rasimu ya tafsiri iliyoletwa mezani petu ili ipitiwe kabla ya kugawiwa watumishi wa ofisi moja. Rasimu hiyo ni ya mwongozo mfupi unaoeleza namna ya kuandaa mafaili ya usanidi ya programu-wakala, yaani programu ya kompyuta inayomsaidia mtu kuandika programu nyingine, na ambayo huendeshwa kwa maneno yanayoandikwa katika mstari wa amri badala ya kwa kubonyeza picha na vitufe. Hatutaitaja ofisi iliyoileta rasimu wala mfasiri aliyeifanya kazi hiyo, kwa sababu kasoro tutakazozijadili si za mtu mmoja. Ni kasoro zinazoweza kumpata mfasiri yeyote anayeingia katika fani changa akiwa na kamusi ya jumla tu mkononi.

Yatupasa kukiri tangu mwanzo kwamba rasimu hii ina sifa zake. Sentensi zake ni za Kiswahili, si za Kiingereza kilichovikwa maneno ya Kiswahili. Mfasiri hakukimbilia kutohoa kila neno, na pale alipotohoa alifuata matamshi yetu. Lakini istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake peke yake. Hupimwa pia kwa swali hili: je, msomaji akilifuata neno hili katika kazi, atafanya lile lililokusudiwa? Kwa kipimo hicho rasimu ina upungufu mmoja mkubwa, ambao unaweza kumfanya mtumishi mwaminifu aamini kuwa amefunga mlango wa siri za ofisi, kumbe ameandika tu kwenye karatasi kwamba mlango usifunguliwe. Ni upungufu huo hasa tunaotaka kuueleza.

2. Jambo lenyewe

Mfasiri hawezi kutafsiri asichokielewa, wala mhakiki hawezi kuhakiki asichokielewa. Kwa hiyo yafaa tuanze kwa kueleza kitu chenyewe kilivyo.

Katika mwaka 2025 makampuni matatu ya Marekani yalitoa programu za namna hii moja baada ya nyingine. Anthropic ilitoa Claude Code mwezi Februari, OpenAI ikatoa Codex CLI mwezi Aprili, na Google ikatoa Gemini CLI mwezi Juni. Rasimu yetu inahusu Claude Code, lakini mengi tutakayoyasema yanazihusu zote. Programu hizi hutumia modeli ya lugha, yaani ule mtambo wa hesabu uliofunzwa kwa maandishi mengi hata ukaweza kuelewa na kutunga lugha. Tofauti yake na programu za mazungumzo ambazo walimu na wanafunzi wengi wamekwisha kuzizoea ni kwamba hii haiishii kutoa jibu. Hufungua mafaili ya mradi, huyasoma, huyaandika upya, huendesha amri za kompyuta, hutazama matokeo, kisha huamua hatua inayofuata.

Mtu anayeajiriwa kufanya kazi ya namna hiyo ofisini hupewa vitu viwili. Hupewa maelezo ya kazi, na hupewa funguo. Maelezo ya kazi humwambia afanye nini, kwa utaratibu gani, na ajiepushe na nini. Funguo humwezesha kuingia vyumba fulani na kumwacha nje ya vyumba vingine. Vitu hivi viwili havifanani hata kidogo: mtu anaweza kuyasahau maelezo ya kazi, au kuyaelewa vibaya, lakini hawezi kuingia chumba asicho na ufunguo wake kwa sababu tu amesahau kwamba hakuruhusiwa.

Mafaili ya usanidi ya programu-wakala nayo ni ya aina hizo mbili. Aina ya kwanza ni faili la maandishi ya kawaida. Katika Claude Code linaitwa CLAUDE.md, katika Codex linaitwa AGENTS.md, na katika Gemini CLI linaitwa GEMINI.md. Ndani yake mtumiaji huandika kwa lugha ya kawaida mambo anayotaka yazingatiwe: mradi umepangwaje, majaribio huendeshwaje, majina ya vitu yaandikwe kwa mtindo gani. Maneno hayo husomwa mwanzoni mwa kila kikao na kuingizwa katika yale ambayo modeli inayazingatia wakati wa kazi.

Aina ya pili ni faili la mipangilio. Katika Claude Code na Gemini CLI linaitwa settings.json, na katika Codex linaitwa config.toml. Hili haliandikwi kwa sentensi, bali kwa muundo maalumu wa mabano na alama za mtajo. Na jambo lililo kubwa kuliko yote ni kwamba faili hili halisomwi na modeli ili litafakariwe. Husomwa na programu yenyewe, ambayo ndiyo inayoshika funguo. Wakala anapotaka kufungua faili au kuendesha amri, programu hutazama kwanza faili la mipangilio linasemaje, kisha humpa njia, au humwomba mtumiaji idhini, au hukatalia mbali.

3. "Amri" iliyobeba mizigo minne

Sasa tuitazame rasimu. Mfasiri amelitumia neno amri kwa mambo manne tofauti. Amelitumia kwa kile mtumiaji anachokiandika katika mstari wa amri. Amelitumia kwa maneno ya nasaha yaliyomo katika CLAUDE.md, amelitumia kwa kanuni za ruhusa na vizuizi zilizomo katika settings.json, na amelitumia kwa kazi zinazojiendesha zenyewe tukio fulani likitokea. Katika ukurasa wa pili tunasoma: "Amri zote zilizomo katika mafaili haya ni lazima zifuatwe na wakala."

Sentensi hii ni fasaha, lakini nusu yake si kweli. Yaliyomo katika settings.json hutekelezwa na programu, wakala apende asipende. Yaliyomo katika CLAUDE.md ni maneno anayopewa wakala ayazingatie. Mara nyingi huyazingatia, tena vizuri. Lakini hakuna kinachomlazimisha. Kikao kikiwa kirefu, sentensi moja iliyoandikwa mwanzoni huweza kupungukiwa uzito kati ya maelfu ya maneno yaliyofuata. Maelekezo mawili yakipingana, wakala huweza kuchagua moja. Tena faili lililotoka nje ya ofisi huweza kuwa na maneno yaliyofichwa kwa hila ili yamwelekeze wakala kinyume cha matakwa ya mwenye kazi.

Tuchukue mfano ambao si wa kubuni tu bali hutokea katika kila ofisi yenye hazina ya taarifa. Miradi mingi ya programu huwa na faili liitwalo .env, ambamo huandikwa nywila za kuingilia hazina hiyo. Mtumishi anasoma tafsiri yetu, anafungua CLAUDE.md na kuandika: "Usisome faili la .env." Tafsiri imemwambia kwamba hiyo ni amri, na kwamba amri zote ni lazima zifuatwe. Anaridhika na kwenda zake. Kumbe alichoandika ni maelezo ya kazi, na ufunguo wa chumba bado umo mlangoni. Kilichotakiwa ni kuandika katika settings.json, chini ya orodha ya vizuizi, kanuni hii: Read(./.env). Hapo ndipo programu yenyewe itakapoinyima njia kila zana ya wakala ya kusomea mafaili.

Huenda mtu akasema kwamba hili ni kosa la mtumishi, si la mfasiri. Kwamba mtumishi angesoma mwongozo wote asingekosea. Sisi hatukubali. Mtumishi aliyesoma mwongozo wote kwa Kiingereza angekutana na maneno mawili tofauti, moja la maelekezo na moja la ruhusa, na tofauti hiyo ingemwamsha. Msomaji wa Kiswahili amekutana na neno moja. Tofauti aliyonyimwa haimo popote katika ukurasa, kwa hiyo hata akisoma mara kumi hataiona.

4. Lugha yetu inayo tofauti hii tayari

Jambo la kufurahisha, na la kusikitisha pia, ni kwamba Kiswahili hakikuwa na haja ya kukopa wala kubuni chochote ili kuieleza tofauti hii. Kinayo tayari, na kila mtoto wa Kiswahili anaijua.

Tuyapime maneno kataza na zuia kwa sentensi rahisi. Mtu akisema, "Nilimkataza kwenda pwani, akaenda," amesema Kiswahili safi ambacho hakuna atakayekishangaa. Lakini akisema, "Nilimzuia kwenda pwani, akaenda," msikilizaji atamrudisha: alikuzidi nguvu, au hukumzuia? Ili sentensi hiyo isimame, yampasa msemaji aseme, "Nilijaribu kumzuia." Sababu yake ni dhahiri. Kukataza ni tendo la kusema, nalo hukamilika maneno yanapotoka kinywani, hata kama aliyekatazwa hakutii. Kuzuia ni tendo la kukinga njia, nalo halikamiliki mpaka njia iwe imekingwa kweli. Mama hukataza, ukuta huzuia. Hatusemi kwamba ukuta umemkataza mwizi.

Kwa hiyo CLAUDE.md hukataza, na settings.json huzuia. Msomaji akiyapata maneno haya mawili mahali pake, hahitaji ukurasa mzima wa maelezo ili atambue ni lipi la kutegemewa pale penye siri. Neno lenyewe litamfundisha.

Katika rasimu, neno la Kiingereza deny, ambalo ndilo linaloandikwa katika faili la mipangilio, limetafsiriwa kuwa kataa. Kataa ni neno la mtu anayeombwa jambo na asiyetaka. Linataja nia, wala halitaji kinga. Wengine wamependekeza kana, ambalo ni la mtuhumiwa mahakamani, na wengine nyima, ambalo hudokeza kwamba anayenyimwa alistahili kupewa. Wako pia wanaopenda marufuku, kwa kuwa ni neno la serikali na lina uzito. Lakini marufuku nalo ni neno la kusema tu. Palipoandikwa "Marufuku kuvuta sigara" watu huvuta, nasi hatusemi kwamba bango limeharibika. Neno linalofaa hapa ni zuia, na nomino yake ni kizuizi.

Mkabala wa deny ni allow, na rasimu imelitafsiri kuwa ruhusu. Hatuna la kuongeza. Lakini liko neno la tatu, ask, ambalo rasimu imelitafsiri kuwa uliza. Hapa msomaji hataelewa ni nani anayemwuliza nani, na juu ya jambo gani. Maana inayokusudiwa ni kwamba programu isimame kwanza, imwonyeshe mtumiaji kile ambacho wakala anataka kukifanya, na isiendelee mpaka mtumiaji akubali. Katika ofisi zetu jambo hili huitwa kuomba idhini. Ruhusa huweza kuwa ya kudumu, lakini idhini hutolewa kwa jambo lililopo mezani. Tunapendekeza basi kwamba orodha hizo tatu ziitwe orodha ya ruhusa, orodha ya idhini na orodha ya vizuizi.

Twapaswa kuongeza tahadhari moja, ili tusije nasi tukaahidi kupita kiasi. Kanuni ya kizuizi tuliyoitaja hufunga zana za wakala za kusomea mafaili. Haifungi kila programu nyingine ambayo wakala anaweza kuiendesha, nayo programu hiyo ikalifungua faili lile lile kwa njia yake. Kwa hali hiyo hutakiwa kinga ya nje zaidi, inayowekwa na mfumo wa uendeshaji wa kompyuta wenyewe. Kinga hiyo rasimu imeiita "sanduku la mchanga", tafsiri ya neno kwa neno. Watoto wa Ulaya na Marekani huchezea mchanga ndani ya sanduku ili usitapakae bustanini. Watoto wetu hawana sanduku hilo, kwa hiyo msomaji anabaki na sanduku na mchanga bila ya maana. Sisi tunapendekeza uzio. Kilichomo ndani ya uzio hufanya kitakavyo, lakini hakitoki.

5. Faili lipi linashinda lipi

Sehemu ya tatu ya rasimu inahusu ngazi za mipangilio, na hapa upotovu ni wa aina nyingine. Mipangilio huweza kuandikwa mahali pengi: katika faili la mtumiaji mwenyewe, ambalo hutumika katika miradi yake yote, katika faili la mradi, ambalo wafanyakazi wote wa mradi hulishiriki, katika faili la mradi lililo la mtu mmoja kwenye mashine yake, katika maneno yanayoandikwa wakati wa kuiwasha programu, na katika faili la mipangilio linalowekwa na msimamizi wa taasisi. Yakipingana, ni lipi linalofuatwa?

Rasimu inajibu: "Ngazi ya juu hubatilisha ngazi ya chini." Mtumishi wa umma anayesoma maneno haya ataelewa kwa mujibu wa mazoea yake. Yeye anajua kwamba katiba iko juu ya sheria, sheria iko juu ya kanuni, na kanuni iko juu ya waraka. Yaani lenye eneo pana lina nguvu kuliko lenye eneo jembamba. Katika mafaili haya utaratibu kwa sehemu kubwa umegeuzwa. Faili la mradi mmoja hulishinda faili la mtumiaji linalohusu miradi yote. Faili la mradi la mtu mmoja hulishinda faili la mradi linaloshirikiwa. Maneno yanayoandikwa wakati wa kuwasha huyashinda yote hayo. Ni faili la msimamizi wa taasisi tu linalofuata mazoea ya sheria, kwa kuwa lenyewe huyashinda yote na halishindwi na lolote.

Vizuizi navyo vina desturi yao. Orodha za ruhusa, idhini na vizuizi kutoka katika mafaili yote hukusanywa pamoja, kisha vizuizi hutazamwa kwanza, idhini baadaye, na ruhusa mwisho. Kwa hiyo kizuizi kilichoandikwa katika faili lolote hakiwezi kuondolewa na ruhusa iliyoandikwa katika faili jingine. Hili ni jambo jema kwa usalama, lakini msomaji wa rasimu hawezi kulijua, maana ameambiwa tu kwamba juu hubatilisha chini.

Neno batilisha lenyewe halifai hapa. Kilichobatilishwa hakipo tena kisheria. Hati iliyobatilishwa ni karatasi tupu. Faili la mtumiaji likishindwa na faili la mradi, halibatiliki. Akihamia mradi mwingine usio na mpangilio huo, faili lake litafuatwa kama kawaida. Tunapendekeza neno shinda, ambalo ni la kila siku na halidai zaidi ya lililopo: mpangilio wa mradi unaushinda wa mtumiaji. Anayeshindwa leo hajafutwa, kesho yupo. Na badala ya kusema juu na chini, ambayo humrudisha msomaji katika ngazi za sheria, yafaa kueleza waziwazi ni lipi linashinda lipi, hata kama sentensi itakuwa ndefu kidogo.

Katika sehemu hiyo hiyo kuna kasoro ambayo itawachekesha wasomaji kabla ya kuwapotosha. Faili liitwalo settings.local.json limeelezwa kuwa ni "faili la mipangilio ya kienyeji". Katika Kiswahili kuku huwa wa kienyeji na dawa huwa za kienyeji. Tunachokusudia ni kitu cha asili ya hapa, kisichotoka ng'ambo. Faili hili halina asili yoyote. Maana yake ni kwamba ni la mtu mmoja, limo katika mashine yake, wala halipelekwi kwa wenzake pamoja na mafaili mengine ya mradi. Yatosha kuliita faili la mipangilio binafsi ya mradi.

6. Istilahi nyingine

Kumbukumbu. Rasimu inaliita CLAUDE.md "faili la kumbukumbu", kwa kufuata Kiingereza. Kwa mtumishi wa umma, kumbukumbu ni maandishi ya yaliyokwisha kutendeka: kumbukumbu za mkutano, au kumbukumbu namba juu ya barua. Atatarajia kukuta humo orodha ya kazi zilizofanywa na wakala. Faili hili halitazami nyuma bali mbele. Linaeleza kazi zifanyweje. Tunapendekeza faili la mwongozo. Neno mwongozo linafahamika sana katika maisha yetu ya umma, angalau tangu TANU ilipotoa Mwongozo wake mwaka 1971, na kila mtu anajua kwamba mwongozo huongoza, na kwamba utekelezaji wake hutegemea anayeongozwa. Hiyo ndiyo hali halisi ya faili hili.

Ndoana. Ziko kazi ambazo mtumiaji huzitundika mahali fulani katika mwenendo wa programu ili zijiendeshe zenyewe, kwa mfano kabla ya wakala kutumia zana au baada ya kuandika faili. Rasimu imeziita ndoana. Ndoana ni ya kunasa, na samaki aliyenaswa hakutaka. Tunaona kulabu ni bora, kwa kuwa kulabu ni kitu cha kutundikia, na mwenye kutundika huchagua atundike nini. Tukumbuke pia kwamba kazi iliyotundikwa kabla ya matumizi ya zana huweza kuyasimamisha matumizi hayo. Kwa hiyo kulabu ni mahali pa tatu, pamoja na orodha ya vizuizi na uzio, ambapo kuzuia kunawezekana.

Wakala. Hapa tunampongeza mfasiri. Wakala ni neno la sheria na la biashara, na katika matumizi yote mawili ni mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine katika mipaka aliyowekewa. Hakuna neno lingebeba dhana hii vizuri zaidi. Lakini rasimu inayumba katika upatanisho wa kisarufi. Pengine twasoma "wakala anasoma", pengine "wakala inasoma", na mara moja "wakala unasoma", labda kwa mfano wa wakala za serikali. Sisi tunaona kuyumba huku kunaweza kugeuzwa kuwa faida. Tulitumie neno wakala, lenye upatanisho wa a-, kwa ile sehemu inayotafakari na kuamua; na tulitumie neno programu, lenye upatanisho wa i-, kwa ile sehemu inayosoma mipangilio na kushika funguo. Ndipo tutakapoweza kusema kwa usahihi kwamba wakala anausoma mwongozo na kuuzingatia, nayo programu inaisoma mipangilio na kuitekeleza. Sarufi itakuwa imetusaidia kuonyesha ni nani mwenye wajibu gani.

7. Yasiyopaswa kutafsiriwa

Kasoro ya mwisho ni ya bidii kupita kiasi. Katika mfano wa faili la mipangilio uliochapwa katika rasimu, mfasiri ametafsiri hata maneno yaliyomo ndani ya faili. Badala ya permissions ameandika ruhusa, na badala ya deny ameandika kataa. Maneno hayo si sentensi zinazosomwa na mtu. Ni alama ambazo programu imefundishwa kuzitambua kwa herufi zake, kama nambari ya kasha la posta. Mtumishi akiunakili mfano huo jinsi ulivyo, programu haitaona kizuizi chochote, hata kama kimeandikwa kwa Kiswahili sanifu kabisa. Sheria ya mfasiri hapa iwe hivi: kilicho ndani ya faili la mipangilio kiachwe kilivyo, na maelezo ya Kiswahili yaandikwe kando. Hayawezi kuandikwa ndani, maana muundo wa JSON hauruhusu maelezo ya pembeni, wala hauruhusu mkato baada ya kitu cha mwisho katika orodha, wala haukubali alama za mtajo zilizopinda ambazo programu za uchapaji hupenda kuziweka.

Kinyume chake, faili la mwongozo laweza kuandikwa lote kwa Kiswahili. Hilo rasimu haikulisema, na ni jambo ambalo walimu wangelipenda kulijua. Modeli za lugha za siku hizi husoma Kiswahili, na mwalimu anayefundisha uandishi wa programu anaweza kumwandikia wakala maelekezo yake kwa lugha ile ile anayowafundishia wanafunzi. Yaani, Kiswahili kinayo nafasi halali ndani ya kazi hii, mradi tu kiwekwe pale kinapofanya kazi.

8. Mapendekezo

Hazina yetu ya maneno ya kompyuta haikuanza jana. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kuitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, wafasiri wa Tanzania wamekwisha kuthibitisha kwamba lugha hii inaweza kubeba shughuli za kompyuta. Lililobaki si kuongeza maneno tu, bali kuyagawia kazi ili kila moja lishike zamu yake na lisiingilie ya mwenzake. Kwa ajili hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) amri: maneno yanayoandikwa katika mstari wa amri ili kompyuta iyatekeleze, lisitumike kwa jambo jingine katika fani hii.
(b) mwongozo: maneno ya lugha ya kawaida anayopewa wakala ayazingatie, vitenzi vyake ni kuelekeza na kukataza.
(c) mipangilio: yale yanayoandikwa kwa muundo maalumu na kutekelezwa na programu; vitenzi vyake ni kuruhusu, kuomba idhini na kuzuia.
(d) usanidi: kazi nzima ya kuandaa mwongozo na mipangilio pamoja.
(e) kizuizi: kanuni katika mipangilio inayokinga njia, isichanganywe na katazo, ambalo limo katika mwongozo.
(f) kulabu: mahali pa kutundikia kazi inayojiendesha tukio likitokea.
(g) uzio: kinga ya mfumo wa uendeshaji inayomzunguka wakala na programu anazoziendesha.
(h) kushinda: kufuatwa kwa mpangilio mmoja badala ya mwingine unaopingana nao, bila ya huo mwingine kufutika.

Mapendekezo haya hayajapitishwa, na yanaweza kurekebishwa. Yako ambayo hatuna shauku kubwa nayo. Mtu akileta neno bora kuliko kulabu tutalipokea kwa furaha. Lakini katika (b), (c) na (e) hatuoni nafasi ya kulegea. Rasimu hii itarudishwa kwa mwenyewe pamoja na maelezo haya, nasi tumeomba isigawiwe kabla ya sehemu hizo tatu kurekebishwa. Wafasiri walio na miongozo ya namna hii mikononi mwao wanaombwa waipitie upya, na kila penye neno amri wajiulize swali moja: je, hapa msomaji anaambiwa kwamba jambo limekatazwa, au kwamba limezuiwa? Wakishajibu, waliandike hilo jibu.